Kutotolesha chaza Goma: jibu kwa ndugu wa Himbi

Ndugu wa Himbi, umeuliza kama unaweza kuleta chaza wazazi kutoka Mombasa, kuwatilia maji ya Kivu yenye chumvi ya jikoni, kisha uuze vifaranga. Kabla ya kurudi hapa Bukavu nilifanya kazi kwenye kituo cha kutotolesha chaza pwani ya Charente-Maritime, Ufaransa. Nakuomba sana, pesa yako usiitie huko.

Maji ya juu ya Kivu yana chumvi karibu gramu 1 kwa lita, bahari ina kama 35. Na chumvi ya bahari si ile ya mezani tu: kuna magnesi, kuna kalsi, na bila kalsi gamba halijengeki.

Tuseme maji umeyapata. Kutagisha kwenyewe si kazi. Unawalisha wazazi vizuri majuma kadhaa kwenye maji ya vuguvugu, siku ikifika unapandisha joto. Dume anatoa mbegu taratibu kama uzi wa moshi. Jike anafungua gamba na kulifunga kwa nguvu, na kila akifunga anamwaga wingu la mayai. Mmoja mkubwa hutoa mamilioni. Kesho yake, kwenye hadubini, vitoto vina gamba la umbo la herufi D na vinaogelea.

Shida inaanzia hapo. Kwa wiki mbili tatu vinakula mwani wa chembe moja tu, yaani vimea vidogo vya majini visivyoonekana kwa macho, na mwani huo unauotesha mwenyewe, taa na hewa usiku kucha. Kwetu chumba cha mwani kilitushughulisha kuliko chaza wenyewe. Ukikuta asubuhi mfuko unaooteshea mwani umepauka, rangi ya kahawia imeshuka chini, unamwaga wote na kuosha upya. Umeme wetu huu unaokatika utakuulia kila kitu.

Halafu kifaranga lazima kiende kukulia baharini. Mteja wako yuko pwani, siyo Goma.

Kama moyo wako uko kwenye kutotolesha, fanya tilapia. Wafugaji wa Kivu wanatafuta vifaranga vya uhakika, na kazi ya kuchekecha kwa ukubwa, kuosha matangi na kuchunga hewa ni ileile. Niandikie maji yako yanatoka wapi, ziwani au bombani, na una nafasi ya matangi mangapi. Tutaanzia hapo.