Chini ya kiuno panauma: ni figo kweli?

Haya ni maswali yenu wasomaji, nami wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mikono na mazoezi) najibu.

Daktari, nauza dukani Kariakoo. Chini ya kiuno, kulia, panauma kila nikiinuka kwenye stuli. Jirani anasema ni figo.

Figo zimekaa juu zaidi, usawa wa mbavu za mwisho. Gusa panapouma kwa kidole kimoja. Kikitua karibu na kile kishimo kidogo juu ya kalio, nashuku kiungio kinachoshikanisha mfupa wa nyonga na mfupa mpana ulio juu ya kifandugu. Hucheza milimita chache tu, lakini uzito wa kiwiliwili hupitia hapo kwenda miguuni. Ndiyo maana huuma ukiinuka, ukipanda ngazi au ukijigeuza kitandani. Ukiwa na homa au mkojo unachoma, pima mkojo kwanza.

Eksirei haikuonyesha kitu. Mume wangu anasema nadeka.

Hudeki, dada. Mara nyingi eksirei haioni tatizo hili. Sisi wa fiziotherapia hutumia mikono: tunabana na kusukuma nyonga kwa namna tano hivi. Namna tatu zikiamsha maumivu yale yale unayoyajua, shaka yetu inakuwa kubwa.

Nina mimba ya miezi saba. Natoka Mbagala kwa daladala, nimesimama njia nzima.

Pole, mama. Homoni za ujauzito hulegeza kano za nyonga. Omba kiti bila aibu. Ukilala, weka mto katikati ya magoti; ukigeuka, yabane pamoja. Mkanda huwasaidia baadhi, ila ufungwe chini, kwenye nyonga, usibane tumbo.

Mimi ni bodaboda. Nilale siku ngapi?

Usilale, kaka! Kosa hili ndilo linaloniumiza kuliko yote: mtu analala wiki mbili, misuli inalegea, kiungio kinabaki bila mlinzi. Punguza safari siku mbili tatu, lakini tembea. Kisha lala chali mkekani, kunja magoti, inua makalio taratibu, hesabu hadi 5, shusha. Mara 10, raundi 3. Maumivu yakizidi hadi kesho yake, punguza idadi, usiache. Yape mazoezi wiki 6 ndipo uyahukumu.

Nina miaka 27. Asubuhi nakakamaa karibu saa nzima, nikicheza mpira mwili unafunguka. Huu ni mwezi wa tano tangu hali hii ianze.

Wewe anza kwa daktari wa hospitali, mdogo wangu. Huenda kinga ya mwili inakishambulia kiungio hicho hicho, na hilo lina vipimo na dawa zake. Na yeyote anayepata ganzi katikati ya mapaja au kushindwa kuzuia mkojo, aende hospitali leo leo.