Mtoto wa darasa la tano mpe Adili na Nduguze

Ukiniuliza mtoto anayependa majini, wafalme na safari za baharini asome nini kwa Kiswahili, nitakutajia Adili na Nduguze cha Shaaban Robert. Kilitoka mwaka 1952 na kwangu mimi bado hakijapata mpinzani. Wengi tunamjua Shaaban Robert wa kwenye mitihani, ndiyo maana tunamficha mpaka mtoto afike sekondari. Hasara tupu.

Ila usimwanzishe ukurasa wa kwanza. Mwanzo unamsifu mfalme Rai kwa mapana na marefu, na mtoto aliyezoea katuni hatavumilia. Msomee wewe, kwa sauti, pale Ikibali, mjumbe wa mfalme, anapomchungulia mwenyeji wake usiku. Adili, mtawala mpole anayesifiwa na watu wake, anawalisha manyani wawili chakula kizuri, na hao hao anawashikia mjeledi na kuwachapa huku mwenyewe akilia. Funga kitabu hapohapo. Atakitafuta mwenyewe.

Mpwa wangu, hapa Tabata, alinikatisha: "Mjomba, kama anawahurumia si aache tu?" Nikamwambia asome. Asipowachapa wao, kuna jini atakayemchapa yeye, lakini hilo mwache mtoto alifikie kwa miguu yake, maana njiani kuna ndugu wanaomtosa mwenzao baharini kwa wivu, na kuna mji ambao watu wake wamegeuka mawe, kabaki hai msichana mmoja tu. Anayezijua hadithi za Alfu Lela Ulela atakumbuka mtawala wa Basra na mbwa wake wawili. Shaaban amekichukua kisa kile akakifinyanga upya, mbwa wakawa manyani. Mimi nawapenda zaidi manyani.

Kiswahili chake ni cha zamani, kimepangika kama shairi. Mtoto akikwama kwenye neno, mpe maana kwa ufupi msonge mbele. Maswali ya ufahamu waachie walimu, tafadhali. Kipigo kile kwa mtoto wa darasa la kwanza naona ni kizito. Kuanzia la nne wanakimudu, na nyumba yenye watoto watatu wanaogombania rimoti itapata mengi ya kuzungumza.

Duka la vitabu la TPH (Tanzania Publishing House) pale mtaa wa Samora, Dar es Salaam, ni pa kuanzia kuulizia. Kwa wauza vitabu vya mtumba pia hupatikana, ila kagua kurasa kabla hujalipa, gundi ya zamani huachia.

Akimaliza atataka kingine, na utashawishika kumpa Kusadikika, cha mwaka 1951. Subiri kidogo. Kile ni kesi mahakamani, Karama anajitetea kwa hotuba ndefu. Mchagulie safari za wajumbe sita anazozisimulia humo, hasa za yule anayetumwa mbinguni, hizo hotuba atazirudia akiwa kidato cha pili.