Mnasoma, mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma nikacheka mpaka machozi. Umeniuliza: "Mama, hivi huku kwenye shahada ya biashara tunasoma au tunaigiza?" Unasema watu wazima wamevaa suti, wanabishana juu ya kampuni ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuikanyaga, na msemaji sana ndiye anayeondoka na alama.

Mnasoma. Na hivyo vichekesho usivipite haraka, maana mimi somo nililipatia humo humo.

Tuanze na huko kusema. Shule ya biashara ya Harvard ilifunguliwa mwaka 1908, lakini kufundisha kwa visa, yaani habari za makampuni na maamuzi yaliyowakabili mameneja wake, kulishika kasi baada ya 1919, alipoingia mkuu wake Wallace Donham, msomi wa sheria. Wanasheria walikuwa wakisoma kwa kesi, naye akaona wafanyabiashara nao wasome kwa visa. Mpaka leo, katika masomo yao mengi, uchangiaji darasani hubeba hadi nusu ya alama. Ndiyo maana mikono inapaa kabla swali halijaisha, na hakosekani wa kusema "naomba niongezee alichosema mwenzangu," kisha akayarudia yote tangu mwanzo. Halafu mwalimu anyamaze, atembeze macho akitafuta wa kufungua mjadala. Darasa letu lilikuwa na bwana mmoja, meneja mzima kazini kwake, ambaye dakika hiyo kalamu yake ilianguka kila mara, naye akaitafuta chini ya meza mpaka jina la mwingine litajwe! Unalalamika kwamba kisa hakina takwimu za kutosha. Meneja wa kwenye kisa naye hakuwa nazo, na uamuzi ulimngoja.

Jedwali la ng'ombe na mbwa utalikuta karibuni. Lilitoka Boston Consulting Group, kampuni ya ushauri wa biashara, mwaka 1970: biashara yenye sehemu kubwa ya soko lisilokua ni ng'ombe wa maziwa, na yenye sehemu ndogo katika soko hilo hilo ni mbwa. Utawaona watu na tai zao wakigombana kama sabuni fulani ni ng'ombe au mbwa. Gombana nao. Swali lililo chini yake ni zito: pesa inayotoka hapa ipelekwe wapi?

Ila ninaotaka ukae nao vizuri ni mchezo wa bia. Ulibuniwa pale chuo cha MIT, Marekani, karibu na mwaka 1960. Mnakaa wanne kwa mstari: muuza rejareja, muuza jumla, msambazaji, na kiwanda. Hakuna kuongea, ni vikaratasi vya oda tu. Mzigo unachukua wiki kadhaa kufika, na kushindwa kutoa mzigo ulioagizwa kwako kunagharimu zaidi ya kulaza mzigo ghalani. Mteja ananunua kreti 4 kwa wiki. Baadaye zinakuwa 8, na zinabaki 8 hizo hizo mpaka mwisho.

Basi, hakuna zaidi ya hapo! Lakini wa rejareja anaona ghala linaisha, anaagiza ziada. Wa jumla anaona oda imepanda, naye anaongeza yake. Ikifika kiwandani imeshakuwa mafuriko. Kisha mzigo wote unatua kwa mpigo, kila mtu anaacha kuagiza, na kiwanda kinakaa wiki baada ya wiki bila oda hata moja. Kwetu aliyekalia kiwanda alikuwa mtu mpole kuliko sote, alisimama, akamnyooshea wa rejareja kidole: "Hao wateja wako ni watu gani?" Mwisho tukaambiwa tuchore tulivyodhani wateja walinunua. Tukachora milima na mabonde. Mwalimu akatuonyesha mstari wenye ngazi moja tu. Watu walicheka mpaka wakakaa chini, na tangu siku hiyo sijawahi kumlaumu mteja kabla sijatazama oda zetu wenyewe.

Kuhusu yule wa kikundi chenu anayetokea usiku wa mwisho kuchagua rangi za slaidi: andikeni leo nani anafanya nini na lini, na fomu ya kutathminiana ikija, jaza ukweli. Usimfanyie kazi yake, hata kwa huruma.

Na kisa chako cha Alhamisi, anza na mtiririko wa fedha, yaani pesa inayoingia na kutoka, kabla hujagusa faida. Kampuni inaweza kuonyesha faida vitabuni na ikakosa mishahara ya mwezi huo huo, kwa sababu wateja hawajalipa. Ukishaligundua hilo kwenye namba, inua mkono mapema.

Nakupenda sana,
Mama yako