Usiunge waya wa geji ya joto kwa kebo ya dukani!

Mpigie fundi sasa hivi asimame, haya mengine utasoma baadaye. Umeuliza geji ya joto la silinda kwenye ndege yako ya Cessna 172 inaaminika kiasi gani na kama ununue ya kidijitali, halafu mwishoni ukadokeza kwamba waya umeliwa na chumvi hapo uwanja wa Manda, Lamu, na fundi ataunga kipande cha kebo ya kawaida. Hapo chai ikanipalia.

Mimi niliunga. Fundi wangu, leseni mfukoni, aliniambia "waya ni waya tu, mzee." Waya gani! Hiyo ni themokapo: waya mbili za madini tofauti, mara nyingi chuma na konstantani (mchanganyiko wa shaba na nikeli), na kijiumeme chake kinatokana na tofauti ya joto kati ya ncha na ncha. Ukichomeka kebo ya shaba kuanzia katikati mpaka kwenye geji, kipimo kinaishia pale kwenye kiungo, huku geji ikidhani kinafika kwake nyuma ya dashibodi. Tuseme kiungo, ndani ya boneti, kina nyuzi 80 za Selsiasi na nyuma ya dashibodi ni 30: geji inakuibia 50. Inasema 200, kumbe silinda iko 250, na kikomo cha injini ya Lycoming O-320 ni 260. Mimi huyo napaa kutoka Malindi jua la Februari, najisifu injini yangu baridi kama mtungi. Silinda ikapasuka. Bei yake siandiki, mke wangu yumo humu jukwaani.

Na msiniulize mbona hatukupima. Tulipima! Asubuhi, injini baridi, sensa ndani ya birika linalochemka, na huku pwani maji huchemka kwa 100 (uwanja wa Wilson, kule juu Nairobi, ingekuwa karibu 94). Geji ikasoma 100, fundi akachukua hela yake. Lazima isome sawa, boneti na dashibodi vilikuwa na joto moja! Uongo ule huamka injini ikipata moto. Leo bwana mkubwa hapokei simu.

Waya wa aina ile ile, toka silinda mpaka geji, au usiruke. Fundi akibisha, tia sensa kwenye birika, kisha elekeza blowa ya saluni kwenye kiungo chake. Sindano ikishuka na maji bado yanatokota, mwonyeshe mlango. Hata urefu usibadilishe kabla ya kusoma kitabu cha geji, zile za kizamani zisizotumia betri zimepimiwa ukinzani wa waya wake (jinsi unavyozuia umeme kupita).

Waya ukifika, weka picha hapa kabla hamjafunga boneti.