Re: Ruta ya gigabiti 10 inakufa kwenye gigabiti 2, ninunue yenye kori nyingi?

Mkuu, nimeona umesema ruta yako imeandikwa gigabiti 10 ila kila usiku trafiki ikigusa gigabiti 2 inaanza kudondosha pakiti (vile vipande vya data), na CPU yenyewe inasoma asilimia 20 tu, sasa unataka kununua yenye kori (vitengo vya kazi ndani ya prosesa) nyingi zaidi. Subiri kwanza usitoe hela. Mimi nipo upande wa ISP (kampuni ya intaneti), na kabla ya hapo nilikuwa kwenye kazi ya kupima bodi za network processor, yaani chipu za kushughulikia pakiti, kwahiyo hilo swali nimekutana nalo sana. Hiyo gigabiti 10 kwenye boksi ni ya muuzaji, kazi ya prosesa inahesabiwa kwa pakiti.

Piga hesabu. Pakiti ndogo kabisa ya Ethaneti ni baiti 64, weka na zile baiti 20 za utangulizi na pengo kati ya pakiti na pakiti, zinakuwa 84, yaani biti 672. Kwenye laini ya gigabiti 10 hapo unapata pakiti milioni 14.88 kwa sekunde, kila moja ina nanosekunde 67.2 iwe imeshasomwa, imetafutiwa njia na imeondoka. Kori ya gigahezi 2 ndani ya muda huo ina mizunguko (midundo ya saa ya prosesa) 134 hivi. Sasa kitu kikikosekana kwenye kashe (memori ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ikabidi kufuatwa DRAM (memori kuu ya nje), ni nanosekunde 80 mpaka 100. Safari moja tu na muda umeisha, na hapo bado hujaweka NAT (kubadilisha IP za wateja), fayawoli na kyu (foleni) ya kila mteja. Hizo gigabiti 2 zako zikiwa pakiti za baiti 1518 ni kama laki moja na sitini kwa sekunde, zikiwa za baiti 64 ni karibu milioni 3. Gigabiti zilezile, kazi mara 18.

Ndio maana waliobuni hizi chipu hawakuhangaika sana na kori zenye mbio, walihangaika na namna ya kusubiri memori bila kukaa bure. Chukua Intel IXP2800 ya zamani, ilikuwa na injini ndogo 16 za gigahezi 1.4, kila injini thredi 8, yaani kazi nane zinazopokezana. Thredi moja ikiomba kitu memori inalala, nyingine inashika kazi, kama mama ntilie mwenye majiko manne, sufuria moja ikisubiri kuchemka yeye yuko kwenye nyingine. Ukigawa kazi sawasawa kwa injini zote 16, kila pakiti ya baiti 64 kwenye gigabiti 10 inapata mizunguko kama 1,500, na hapo unaweza kufanya kitu cha maana. Cisco nao chipu yao ya QuantumFlow ya 2008 ilienda hukohuko, kori 40 zenye thredi 4 kila moja.

Lakini neno la muhimu hapo ni "ukigawa sawasawa", na ndipo nahisi wewe umekwama. Pakiti za koneksheni moja hazitakiwi kupishana, kwahiyo ruta inachukua IP na poti inapiga hashi (hesabu ya kuzigeuza namba moja), kila koneksheni inapelekwa kori yake. Wateja wako wanaingia kwa PPPoE (logini inayofunga pakiti ya IP ndani ya bahasha nyingine) si ndio? Kadi nyingi za mtandao haziwezi kuchungulia ndani ya PPPoE kuona IP, zinaona fremu tu, basi zinasukuma kila kitu kyu namba sifuri na kori moja inabeba mtaa mzima. Nimeshaona mashine ya Linux ya hivyo, ukifungua /proc/interrupts (faili linaloonyesha kila kori imeitwa kazini mara ngapi) safu moja namba zinakimbia mpaka huzisomi, safu nyingine zimeganda. Wastani wa CPU asilimia 20 maana yake unaweza kuwa na kori moja kwenye 100 na wenzake wanapiga miayo. Hapo hata ukinunua ya kori 72 hujatibu kitu.

Kuhusu kupima kabla ya kununua, usikubali iperf (programu ya kupima kasi) ya koneksheni moja na pakiti kubwa, hiyo kila ruta inafaulu. Chukua seva ya kawaida weka TRex, programu ya kutengeneza trafiki, ni bure, halafu tuma saizi tofauti kama RFC 2544 (mwongozo wa kupima vifaa vya mtandao) inavyosema, kuanzia 64 mpaka 1518, sekunde 60 kila raundi, unapandisha na kushusha mpaka upate kasi ambayo haidondoshi hata pakiti moja. Washa NAT na kyu zako zilezile za kazini. Na anwani zibadilishwe, maelfu kwa maelfu, maana ukirudia IP zilezile jedwali lote linakaa kwenye kashe na ruta inaonekana shujaa, halafu ikija kwa wateja halisi inaanza kukimbilia DRAM na unarudi hapahapa jukwaani. Mimi hicho cha anwani ndio naanza nacho siku hizi, kinaumbua haraka kuliko vyote.

Leo usiku trafiki ikipanda, tupia hapa CPU ya kila kori, sio wastani, pamoja na pakiti kwa sekunde kwenye poti ya wateja. Ikiwa ni kori moja imejaa, jaribu kwanza RPS ya Linux (inagawa pakiti kwa kori nyingine kwa programu) kama ruta yako inakuruhusu, au gawa wateja wa PPPoE kwenye poti mbili, haikugharimu chochote.