Kumchoma mtoto insulini harusini na kwenye basi

SWALI: Binti yetu ana miaka 9 na uzito wa kilo 27. Ana kisukari cha aina ya kwanza. Anachomwa kwa bomba na kichupa: insulini ya haraka, ile inayong'aa kama maji, kabla ya kila mlo, na ile yenye ukungu usiku. Mwezi ujao tutasafiri kwa basi kutoka Iringa kwenda harusini Dar es Salaam. Shangazi zake wanataka nimchome kabisa kabla ya kutoka, au nimpeleke chooni, watu wasije wakamwona na sindano wakadhani ni mambo ya mateja. Nifanyeje?
Mama, Iringa

JIBU: Mama, hilo la kumchoma kabla ya kutoka linaonekana la staha, lakini ndilo la hatari zaidi. Insulini ya haraka ya binadamu, hiyo ya binti yako inayong'aa, huanza kazi baada ya kama nusu saa. Nguvu yake hufika kileleni kati ya saa 2 na saa 4 tangu achomwe, na hubaki mwilini kwa muda wa saa 6 hadi 8. Unazijua harusi zetu: kadi inasema saa 12 jioni, chakula kinafunguliwa saa 4 usiku. Ukimchoma saa 11 na nusu, insulini itakuwa kileleni wakati MC bado anatambulisha wajomba, na tumbo la mtoto tupu. Sukari itashuka ndani ya ukumbi wenye kelele, na atakayemwona amelala kwenye kiti atasema amechoka.

Kanuni yangu kwa shughuli za nje ni moja: chakula kionekane kwanza, ndipo sindano itoke. Kwa kawaida insulini hii huchomwa nusu saa kabla ya kula, ila kanuni hiyo ni ya nyumbani, ambako sufuria iko chini ya uangalizi wako. Ukumbini subiri meza za chakula zifunguliwe na foleni ianze kutembea. Ndiyo, sukari itapanda kidogo zaidi baada ya kula kwa sababu dawa imechelewa. Hilo linavumilika jioni moja. Kushuka hakuvumiliki.

Choo nacho kina ubaya wake, na sizungumzii uchafu peke yake. Taa ni hafifu, sakafu ina maji, hakuna pa kuweka kichupa, na kuna mtu anagonga mlango. Uniti 1 ni mililita 0.01 tu. Povu dogo la hewa ambalo hukuliona gizani linaweza kuchukua nafasi ya uniti 1 au 2, na kama dozi ya mtoto ni uniti 4, umempunguzia robo mpaka nusu ya dawa yake. Penye haraka na giza ni rahisi kukosea dozi, na haraka hiyo huletwa na kujificha.

Kwa hiyo mchome mezani, mmekaa, penye mwanga. Anza na mikono. Anawe kwa maji na sabuni, akauke kabisa, kisha mpime sukari pembeni mwa ncha ya kidole, pasipouma sana. Akiwa ameshika embe au soda, sukari iliyobaki kidoleni itaifanya mashine isome juu kuliko ukweli, nawe utamwongezea insulini asiyoihitaji. Kama maji hayapo, futa tone la kwanza kwa tishu, tumia la pili. Ikisoma chini ya 4.0 mmol/L (mashine nyingine huandika 72 mg/dL), usichome kwanza. Inyanyue sukari kama nitakavyoeleza chini, kisha achomwe chakula kikiwa mbele yake.

Ukivuta dawa, ingiza kwanza hewa ya kiasi kilekile cha uniti ndani ya kichupa, kigeuze juu chini, vuta, gonga bomba kwa ukucha mapovu yapande, yarudishe, kamilisha dozi. Ya ukungu ibiringishe taratibu kati ya viganja mara 10 hadi 20, usiitikise. Soma mistari kwa makini: kwenye bomba la mililita 1 mara nyingi mstari mmoja ni uniti 2, si 1. Na kama mmesahau mabomba nyumbani mkanunua duka la dawa njiani, hakikisha limeandikwa U-100 (yaani uniti 100 kwa kila mililita) kama kichupa chako. Uniti 4 zikipimwa kwa bomba la U-40 zinakuwa uniti 10 za dawa ya U-100. Kwa mtoto huyu hiyo ni safari ya hospitali.

Mahali pa kuchoma, kwa mtoto wa kike aliyevaa gauni la harusi, ni nyuma ya mkono sehemu ya juu, au pajani akiwa amefunikwa kanga. Spiriti si lazima kama ngozi ni safi. Usizoee kuchoma juu ya nguo, maana huoni ngozi wala huwezi kuibana vizuri. Muulize mwenyewe kabla ya siku hiyo: anataka mezani, au kwenye kona ya ukumbi na mama amemkinga? Akichagua kona, mpe kona yenye taa. Faragha ni haki yake. Aibu ndiyo asifundishwe, kwa sababu mtoto aliyefundishwa aibu akifika miaka 13 ataruka dozi mbele ya wenzake bila kukwambia.

Mtu akikodoa macho, jibu fupi linatosha: “Ana kisukari, hii ni insulini yake, sasa anakula.” Usieleze zaidi ukiwa umeshika bomba; malizia kwanza. Kwa walinzi wa mlangoni wanaopekua mikoba, beba daftari la kliniki na uache dawa kwenye boksi lake lenye jina la mtoto.

Sasa hao shangazi. Badala ya kuwaomba wanyamaze, wape kazi. Kila atakayekaa naye ajue dalili: jasho la baridi, kutetemeka, hasira za ghafla, kuongea ovyo, kusinzia wakati usio wake. Ajue na cha kufanya. Kwa kilo 27 anahitaji kama gramu 8 za sukari: vijiko 2 vya chai vya glukosi ya unga au sukari ndani ya maji kidogo, au robo ya chupa ya soda ya mililita 350, isiyo ya “sukari sifuri”. Chokoleti na maandazi hayafai hapo, mafuta huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Baada ya dakika 15 mpime tena. Ikiwa bado chini ya 4, rudia. Ikishapanda na mlo uko mbali, mpe ndizi au nusu chapati. Akipoteza fahamu au akipata degedege, asinyweshwe chochote. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali. Kama kliniki imewapa glukagoni, sindano ya dharura ya kupandisha sukari, dozi ya mtoto wa kilo 25 na zaidi ni miligramu 1.

Kwenye basi, mfuko wake ukae mapajani mwako, kamwe si kwenye buti. Iringa asubuhi ni baridi, lakini mkishuka mlima wa Kitonga mpaka Ruaha Mbuyuni joto ni jingine. Kichupa kilichofunguliwa hudumu kama siku 28 kikiwa chini ya nyuzi 30, na ndani ya buti la basi lililosimama juani joto hupita hapo mapema. Tia kichupa kwenye mfuko wa nailoni usiopitisha maji, kizungushie kitambaa kibichi, uweke mahali pa kupata upepo, ukilowanisha tena kinapokauka. Barafu isikiguse; insulini iliyoganda imekufa hata ikiyeyuka. Ya maji ikiwa na ukungu, au ya ukungu ikiwa na mabonge, itupe. Ila iliyoharibiwa na joto inaweza kuonekana nzima kabisa, kwa hiyo sukari ikikataa kushuka bila sababu, fungua kichupa kipya. Stripu za kupimia sukari pia zibaki kwenye kopo lake, kifuniko kimefungwa.

Usivute dozi basi likiwa kwenye mwendo. Wala usimchome mapema kwa kukadiria kituo cha chakula; lori likikwama Kitonga mtakaa hapo. Mwambie kondakta mapema kwamba kuna mtoto wa kisukari, muulize mtasimama wapi na kwa muda gani. Basi likisimama, chakula kinunuliwe kwanza, achomwe kwenye kiti, ale. Kuchimba dawa, yaani kujisaidia, kwaweza kungoja dakika tatu.

Sindano iliyotumika isiachwe kwenye sahani ya ukumbini wala mfuko wa kiti cha basi. Beba chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko cha kuzungusha, ya sabuni ya maji inafaa, uidumbukize humo moja kwa moja bila kurudishia kofia, pamoja na kitobolea kidole. Tishu na stripu zenye damu nazo zitie humo. Ikijaa robo tatu, ifunge uipeleke kliniki siku ya mahudhurio.