Hema la Pasaka Ushongo: usilifunge mchangani kabla hujajua bamvua (siku maji ya bahari yanapojaa sana) ni lini

Mkuu, nimesoma umeandika utafika Ushongo, ufukwe wa kusini mwa Pangani, Ijumaa Kuu usiku, na wife na watoto wawili, ufunge hema "mchangani kabisa karibu na maji". USIFANYE HIVYO. Umeuliza na nauli, chakula na mbu, hayo yasubiri.

Mimi Pasaka ya mwaka juzi tulichelewa kivuko cha Pangani, tukavukia Bweni, ng'ambo ya mto, jioni, barabara matope, tumefika saa tatu usiku. Maji yako mbali huko hata mawimbi huyasikii vizuri, mchanga mweupe, mwezi mpevu unawaka kama taa. Jamaa aliyenikodishia hema Dar alikuwa ameniapia kabisa, "kaka funga hatua chache toka majini, ndo raha yenyewe". Nikafunga. Saa kumi alfajiri binti yangu ananiambia baba godoro linaelea.

Na msianze kuniuliza kama sijawahi kuona bahari, nimekulia Morogoro, maji ya kwetu yakienda yameenda hayarudi usiku kukufuata kitandani!

Watoto tuliwatoa salama, Mungu mkubwa. Simu mbili kwisha, unga na sukari uji wa chumvi, lakini kilichoniua ni rimoti ya gari, nilikuwa nimeiweka mfukoni mwa begi chini, ikanywa maji, gari halifunguki haliwaki, fundi katoka Tanga mjini na mashine yake, 380,000 taslimu. Halafu yule yule wa hema akakata dipoziti yangu yote eti nimerudisha hema lina chumvi. We si ndo ulinielekeza?? Mpaka leo nikikumbuka nafsi inauma.

Asubuhi mzee mmoja mvuvi akaja kututazama, akasema taratibu, "mwanangu, hapo ndipo bahari inapolala siku za bamvua". Mtu yeyote pale kijijini angeniambia, sikuuliza.

Sasa sikia. Bamvua linakuja mwezi ukiwa mpevu na ukiandama, Pasaka inafuata mwezi mpevu, Idi el-Fitri inafuata mwandamo, kwa hiyo sikukuu zote mbili zinaweza kukuangukia humo humo. Siku hizo pwani yetu maji yanajaa kwenye saa kumi, alasiri na alfajiri, na saa nne yamekupwa, yaani ukifika usiku unaona ufukwe mpana unadhani ni uwanja wako. Tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 3. Maziwe hapo mbele ya Ushongo, kisiwa cha mchanga, kinafunikwa chote maji yakijaa, sembuse hema.

Funga juu ya mstari wa mwani mkavu ulio juu kuliko yote, pale majani yanapoanza kuota, ila usikae chini ya mnazi wenye nazi. Na ufike mchana, umuulize mvuvi maji yanaishia wapi.

Nauli, chakula na mbu wengine watakujibu. Wewe niambie kwanza, Ijumaa yako hiyo mwezi utakuwa wa siku ngapi?